Mota Ndogo Inayoamsha Lori

Juni ikifika, alfajiri za Tunduma huwa na baridi kali. Kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, dereva aliyelala na redio ikiimba usiku kucha anazungusha ufunguo na kusikia ta-ta-ta tu. Betri imechoka, oili imekuwa nzito. Utingo anatumwa kuazima moto kwa jirani.

Malori mengi ya masafa marefu hubeba betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo ili kupata 24 za kuzungusha stata, mota ndogo inayoamsha injini. Stata ya Cadillac ya mwaka 1912, gari la kwanza kutoka kiwandani na stata ya umeme kama kifaa chake cha kawaida, nayo ilitumia volti 24.

Kabla ya hapo gari liliwashwa kwa hendeli. Moto ukiwahi ndani ya silinda, hendeli ilirudi kinyume kwa nguvu ya kuvunja mkono. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alitaka balaa hilo liishe, na kazi ikamwangukia Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Wengine walishajaribu: Clyde Coleman alipata hataza ya stata ya umeme mwaka 1903. Kikwazo kilikuwa ukubwa: mota ya kuizungusha injini bila kuchoka ingekuwa mzigo kwa gari lenyewe.

Kettering alitoka kwenye kampuni ya National Cash Register, alikoziwekea umeme mashine za mauzo za madukani. Huko aliona kwamba mota ndogo inaweza kulazimishwa kutoa nguvu kupita kiwango chake, mradi iwe kwa sekunde chache. Ndiyo maana mafundi hukataza kung'ang'ania ufunguo: stata haikuundwa kufanya kazi mfululizo, na ukiibana inaungua.

Lakini kuzungusha ni nusu tu ya kazi. Injini ikishawaka huenda kasi kuliko stata, na gia zisipoachana, mota itazungushwa hadi ivunjike. Kettering alitumia mtambo mmoja kwa kazi mbili: unaamsha injini, kisha unageuka jenereta ya kuchaji betri kwa volti 6. Werevu mtupu, ila mtambo huo ulikuwa mzito na wenye swichi nyingi. Baadaye watengenezaji wakatenganisha stata na jenereta.

Suala la gia kuachana lilipata jibu zuri zaidi kwa Vincent Bendix, ambaye kifaa chake kilianza kufungwa kwenye magari mwaka 1914. Gia ndogo inakaa juu ya shafti yenye nyuzi kama za skrubu. Mota ikizunguka ghafla, gia inateleza mbele na kuuma meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini. Injini ikiwaka, flaiwili yenyewe inairudisha nyuma. Hakuna mtu wa kuisukuma. Hata hivyo Ford, mwenye Model T, hakuanza kuweka stata ya umeme hadi mwaka 1919.

Stata za malori ya leo husukumiwa gia zake na solenoidi, lakini gerejini sehemu hiyo bado inaitwa bendeksi. Fundi umeme akiifungua stata iliyogoma huanza na kaboni, kwa kuwa ndizo huisha haraka, kisha anakagua bushi na meno ya bendeksi. Mara nyingi mota yenyewe ni nzima: kaboni mpya zinawekwa, inajaribiwa chini kwenye betri, halafu inarudi kwenye lori.