Kuchagua Jiko Dogo la Gesi la Safari ya Mlimani

  Nyinyi mlioketi katika vikundi, msimamizi na atwae chaki, maana leo kuna majina matatu ya kuandika ubaoni na hesabu kidogo. Aliye peke yake nyumbani, kalamu na karatasi zamtosha.

Leo tutazungumza juu ya jiko dogo la gesi, lile ambalo msafiri wa mguu hulitia katika shanta akapanda nalo mlimani. Zamani mtu aliyelala porini aliokota kuni, akawasha moto, akapika. Siku hizi mambo yamebadilika. Katika Hifadhi ya Kilimanjaro, kwa mfano, wageni hawaruhusiwi kupikia kuni. Sababu yake si ngumu kuifahamu: miti ya huko juu hukua pole pole sana, na cheche moja ikichukuliwa na upepo huweza kuteketeza kilima kizima. Basi apandaye mlima sharti apande na moto wake mgongoni. Swali ni hili: moto gani?

Wengi wetu tukiingia dukani hutazama umbo la jiko, wepesi wake na bei yake. Hayo si mabaya, lakini si ya kwanza. La kwanza ni gesi iliyomo ndani ya mkebe. Nitawaeleza kwa nini, na nitaanza na kisa changu mwenyewe, ambacho si cha kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita tulipanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, sisi watatu pamoja na kiongozi wetu. Mjini tulikuwa tumenunua mikebe mirefu ya gesi kwa sababu ilikuwa rahisi. Hatukusoma maandishi yake. Tukafika kambi ya Shipton, iliyo kiasi cha mita 4,200 juu ya bahari, tukalala. Saa nane za usiku tukaamka ili tupate chai kabla ya kuanza kupanda kwenda kilele cha Lenana, chenye mita 4,985. Maji katika sufuria yalikuwa yamefanya utando wa barafu. Tukawasha jiko. Likawaka kwa unyonge, kama mshumaa, kisha likazidi kufifia. Mwenzetu mmoja akasema, "Tuliingize hemani, tufunge mlango, lipate joto." Tukafanya hivyo. Kweli, moto ulipata nguvu kidogo, nasi tukafurahi.

Baada ya muda vichwa vikaanza kutuuma. Tukasema ni ugonjwa wa mlima tu. Mmoja akasikia kichefuchefu. Tukasema vile vile. Ilikuwa bahati yetu kwamba kiongozi alituita kutoka nje, akasikia tunamjibu kwa sauti za kilevi. Hakungoja. Aliufungua mlango wa hema kwa nguvu, akatutoa nje mmoja mmoja. Chai hatukuinywa, na Lenana siku ile hatukuiona.

Sasa tutazame kosa letu lilianzia wapi. Halikuanzia hemani. Lilianzia dukani.

GESI TATU

Ukiutikisa mkebe wa gesi utasikia kitu kinachezacheza ndani kama maji. Hiyo ndiyo gesi yenyewe, iliyoshindiliwa mpaka ikawa maji. Lakini katika jiko la kawaida haifai kuwaka ikiwa maji. Yapasa kwanza ichemke na kuwa mvuke. Mvuke huo ndio unaopanda kwenye kichwa cha jiko na kuwaka. Maji yetu ya kunywa huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Gesi hizi huchemka kwa baridi kabisa. Msimamizi, andika ubaoni:

Butani huchemka kwa nusu nyuzi chini ya sufuri.
Isobutani huchemka kwa nyuzi 12 hivi chini ya sufuri.
Propani huchemka kwa nyuzi 42 chini ya sufuri.

Vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Mombasa au Dar es Salaam, penye joto la nyuzi 30, gesi zote tatu huchemka kwa nguvu, na jiko la butani hufanya kazi yake bila lawama. Lakini uchukue mkebe ule ule mpaka mahali penye barafu, butani husinzia. Ni kweli kwamba juu mlimani hewa ni nyepesi, haikandamizi sana, na kwa hiyo butani hupata nafuu ya nyuzi kadhaa. Lakini nafuu hiyo huliwa na jambo lingine.

Jambo lenyewe ni hili. Bila shaka mmepata kupakwa spiriti kabla ya kuchomwa sindano. Mkono ulihisi baridi, sivyo? Spiriti ilipogeuka mvuke ilichukua joto la ngozi yako. Ndivyo ilivyo katika mkebe. Kila gesi inapochemka na kutoka, huchukua joto la mkebe wenyewe. Ushike mkebe ambao jiko lake limewaka dakika kumi, utaona jinsi ulivyopoa. Basi kadiri jiko linavyowaka, ndivyo mkebe unavyojipoza, na ndivyo moto unavyopungua. Ndiyo maana jiko letu liliwaka kwanza, kisha likafifia.

Mtu atauliza: kama propani haiogopi baridi, kwa nini tusijaze propani tupu? Kwa sababu propani ina msukumo mkubwa mno. Yahitaji mtungi wa chuma kinene, na mtungi huo si mzigo wa kubeba mgongoni. Kwa hiyo watengenezaji huchanganya. Mchanganyiko ufaao kwa baridi ni isobutani pamoja na propani kidogo. Katika baadhi ya mikebe utakuta sehemu 80 za isobutani na 20 za propani katika kila 100. Mchanganyiko wa butani ya kawaida na propani ni wa pili kwa ubora, lakini una hila yake: propani hukimbilia kutoka kwanza, na inayobaki chini ni butani zaidi. Mkebe ulionusika ukawaka vizuri mjini huweza kukushinda juu. Kwa hiyo mikebe iliyotumika nusu itumieni kambi za chini, na ule mpya uwekeni kwa kambi ya juu kabisa.

Kanuni yetu ya kwanza basi ni hii: soma mkebe kabla ya kulipa. Ukiona umeandikwa butani peke yake, uache kwa safari za pwani na nchi za joto.

JIKO LENYEWE

Sasa twaweza kutazama jiko. Kwanza hakikisha kwamba shingo ya jiko na shingo ya mkebe zinakubaliana. Iko mikebe mifupi yenye shingo ya kuzungushia, kama kifuniko cha chupa. Iko mirefu ya kuchomekwa ubavuni. Na iko ya kutobolewa, ambayo ukiisha kuifunga katika jiko huwezi kuiondoa mpaka gesi iishe. Kwa msafiri, ya kuzungushia ndiyo bora, maana huondolewa na kurudishwa wakati wowote, na ndiyo hutiwa mara nyingi ule mchanganyiko wa baridi tuliousema. Kumbuka pia kwamba mikebe ya gesi hairuhusiwi katika ndege, wala mkononi wala katika mizigo ya chini. Anayesafiri kwa ndege atanunua gesi mwisho wa safari ya ndege, na jiko lake liwe la namna inayopata mikebe huko.

Majiko yenyewe ni ya aina tatu.

Aina ya kwanza hukaa juu ya mkebe. Ni dogo sana. Mengine hayafiki gramu 100, nalo huenea katika kiganja. Lamfaa mtu mmoja au wawili wenye sufuria ndogo. Ubaya wake ni kwamba huwa refu, na sufuria kubwa huyumba juu yake.

Aina ya pili ina miguu yake mitatu na huunganishwa na mkebe kwa bomba. Ni zito zaidi, lakini hukaa chini imara, na lafaa kwa watu watatu au wanne. Mengine ya aina hii yana kibomba kinachopita karibu na moto ili kuipasha gesi joto. Hayo, na hayo tu, huruhusu mkebe ugeuzwe kichwa chini wakati wa baridi kali, gesi itoke ikiwa maji na kuchemkia katika kibomba. Ukigeuza mkebe wa jiko lisilo na kibomba hicho, utapata mwali mkubwa wa ghafula.

Aina ya tatu ni jiko na sufuria vilivyoungana. Huchemsha maji upesi na hustahimili upepo. Lakini kazi yake ni kuchemsha. Anayetaka kukaanga au kusonga ataona taabu.

Majiko mengi yana kidude cha kuwashia kwa cheche. Usikitegemee. Juu sana mlimani mara nyingi hugoma. Chukua kibiriti, kifunge vizuri katika mfuko wa nailoni.

HESABU YA GESI

Mahali patulivu pasipo baridi, lita moja ya maji huweza kuchemka kwa gramu chini ya 10 za gesi. Penye upepo na baridi, hesabu gramu 15. Tuseme watu wawili wanachemsha lita 4 kwa siku, za chai, uji, tambi na maji ya kunywa. Mara 15 ni gramu 60 kwa siku. Safari ya siku nne ni gramu 240. Mkebe wa gramu 230 hautoshi; chukua na mdogo wa gramu 100 juu yake.

Jueni pia kwamba kimo hubadilisha mapishi. Kambini Shipton maji huchemka kwa nyuzi 86 hivi, si 100. Maharage makavu yatakumalizia gesi nayo bado magumu, yapike nyumbani. Na maji ya kunywa, yakiisha kuchemka, yaache yatokote dakika tatu. Funika sufuria wakati wote.

MAISHA KWANZA

Sasa nawarudisha hemani. Kila moto unaokosa hewa ya kutosha hutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Humwumiza mtu kichwa, humtia kichefuchefu na usingizi, kisha humwua. Na dalili zake zafanana sana na za ugonjwa wa mlima. Ndiyo maana sisi tulijidanganya. Kwa hiyo pikieni nje. Pakiwa na upepo, tafuteni kinga ya jiwe. Na mtu akiumwa kichwa karibu na jiko linalowaka, msibishane juu ya sababu. Zimeni moto, mtoeni kwenye hewa safi, kisha ndipo mjadiliane.

Kuna matatu mengine. Moja, usilizungushie kabisa kinga ya bati jiko linalokaa juu ya mkebe. Joto hurudi kwenye mkebe, nao ukipata joto mno huweza kupasuka. Pili, gesi hizi ni nzito kuliko hewa, hulala chini kama maji. Badilisha mkebe nje, mbali na moto, na ukishuku unavuja paka povu la sabuni utazame kama lafanya mapovu. Tatu, mkebe mtupu urudi nao nyumbani. Usiutupe motoni wala vichakani.

Ndugu wasikilizaji, tofauti ya bei kati ya mikebe ile miwili dukani haikuwa kubwa. Lakini mkebe usiofaa ulituacha bila moto nje, na ukosefu wa moto nje ndio uliotuingiza na moto ndani. Anayechagua gesi yake vizuri mchana, mjini, amejiondolea kishawishi cha saa nane za usiku.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini jiko la butani huwaka vizuri pwani na kufifia mlimani?

2. Kwa nini mkebe hupoa jiko linapowaka?

3. Watu watatu wanachemsha lita 5 kwa siku, siku tatu, mahali pa baridi. Wachukue gramu ngapi za gesi?

4. Mwenzenu anaumwa kichwa hemani na jiko linawaka. Mtafanya nini kwanza?

Mpaka somo lijalo, kwaherini.