Siku ya Ng'ombe Imeandikwa. Ya Mama Je?

Mkulima hodari akipandisha ng'ombe wake, jambo la kwanza ni kuandika tarehe. Ajua kwamba tangu siku ile ng'ombe atachukua mimba siku 280 hivi. Miezi miwili kabla ya kuzaa huacha kumkamua ili apate nguvu. Humwongezea chakula, hutengeneza zizi, huweka nyasi kavu, na siku ikikaribia haendi safari ya mbali. Mambo hayo ni mema, nasi katika ofisi ya kilimo twayahimiza sana.

Lakini umwulize mkulima huyo huyo, "Bibi yako atajifungua lini?" Wengi hujibu, "Labda mwezi wa nne, Mungu akipenda." Simfananishi mama na mnyama, wasomaji wangu. Nauliza tu juu ya uangalifu wetu sisi wanaume.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Kazi yangu ni kutunza daftari za ofisi, na tarehe za ng'ombe wa watu nilizijua kuliko tarehe ya nyumbani kwangu. Usiku mmoja wa mvua kubwa mke wangu alishikwa na uchungu. Sikuwa nimeweka fedha, wala sikuwa nimesema na mwenye gari. Nilipopata gari lilikwama matopeni, na mtoto akazaliwa njiani. Mtoto alilia, tukafurahi. Lakini mama alitokwa na damu nyingi, hata tulipofika hospitali hakuweza kusema. Kwa bahati alipona. Kutokwa na damu baada ya kuzaa huua akina mama wengi duniani kuliko sababu nyingine yoyote ya uzazi, na damu hiyo haingoji kupambazuke.

Basi haya ndiyo niliyojifunza, nami nayaandika ili mwingine asijifunze kwa njia ile.

1. Andikeni tarehe. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha hesabu miezi 9 mbele. Kama hedhi ilianza tarehe 1 Julai, mtazamie mtoto karibu na tarehe 8 Aprili. Mtoto aweza kuja majuma mawili kabla au baada, kwa hiyo matayarisho yote yawe tayari mwezi mzima mbele. Tazama tena: Aprili ni mvua ya masika. Je, barabara yenu hupitika?

2. Mama aende kliniki mapema, kabla ya majuma 12 kupita. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mama aonwe mara 8 kabla ya kujifungua. Huko hupimwa damu na shinikizo la damu, hupewa vidonge vya kuongeza damu na sindano ya pepopunda. Bwana, fuatana naye hata mara moja, usikie mwenyewe.

3. Wekeni fedha. Sehemu ya malipo ya maziwa au mayai iwekwe kando kila mwezi, isiguswe. Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilianza kazi Oktoba 2024. Jiandikisheni na kulipa mchango mapema. Kisha ulizeni katika kituo mtakachokwenda ni gharama gani zitakazolipwa na zipi zitabaki juu yenu.

4. Agizeni gari. Seme na mwenye gari au pikipiki kabla ya wakati, na mwingine wa pili kama wa kwanza hayupo. Namba zao za simu zibandikwe ukutani. Chagueni jirani wa kubaki na watoto na kukamua ng'ombe. Kama nyumba iko mbali na barabara, yafaa mama ahamie kwa ndugu aliye karibu na hospitali siku zikikaribia.

5. Fungeni mfuko. Ndani yake mtie kitabu cha kliniki, kitambulisho, leso safi, pamba au pedi, sabuni, na nguo, kofia na blanketi ya mtoto. Mfuko ukae karibu na mlango.

6. Jueni dalili za hatari. Kutokwa na damu, kichwa kuuma sana, macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba, kifafa, homa kali, chupa kuvunjika kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza tumboni: haya hayangoji tarehe iliyoandikwa. Nendeni hospitali saa ile ile.

7. Mpokeeni mtoto vema. Hakuna mkulima anayemnyima ndama dang'a, maana ajua ndiyo kinga yake. Hata hivyo wako watu wanaokamua na kumwaga maziwa ya kwanza ya mama, wakampa mtoto maji ya sukari. Sivyo! Anyonye katika saa ya kwanza, na kwa miezi 6 asipewe kitu kingine ila maziwa ya mama, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Akaushwe na kulazwa kifuani pa mama apate joto. Kuoga kungoje siku moja. Kitovu kiwe safi na kikavu. Msipake mavi ya ng'ombe, majivu wala udongo, kwani ndimo huingia pepopunda.

Mtoto wetu wa pili naye alikuja wakati wa mvua. Safari hii mke wangu alikuwa kwa dada yake, mwendo wa dakika kumi toka hospitali, na mfuko mlangoni. Alijifungua mikononi mwa wakunga, nami nilikuwapo.

Bwana mkulima, jioni ya leo chukua kalenda ile yenye tarehe ya ng'ombe. Keti na bibi yako, mhesabu pamoja, kisha andika ya pili.