KASOKO YA MOFOLO: FASIHI YA KIAFRIKA KATIKA SAYARI YA UTARIDI

Makala haya yananuia kufafanua kasoko itokanayo na mgongano, kwa kurejelea ile iitwayo Mofolo katika sayari ya Utaridi, ambayo baadhi ya vitabu huiita Zebaki.

Neno kasoko aghalabu humkumbusha Mkenya mlima Longonot. Hata hivyo, kasoko ya Longonot ilitokana na volkeno, yaani nguvu za ndani ya ardhi. Kasoko ya Mofolo ni zao la nguvu za nje: jiwe la angani lililoigonga sayari. Mawe hayo huifikia Utaridi kwa kasi ya wastani ipatayo kilomita 42 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, jiwe halichimbi ardhi kama jembe. Nishati yake hugeuka mshindo na joto. Jiwe huyeyuka na kuwa mvuke, nao mwamba hurushwa pande zote. Ndiyo maana kasoko nyingi huwa za mviringo hata jiwe lijapo kwa mshazari, na huwa pana mara nyingi kuliko jiwe lenyewe. Kwa kuwa Utaridi haina mvua wala upepo, alama hizo hudumu kwa mabilioni ya miaka.

Chombo cha Mariner 10 kiliipiga picha sayari hiyo mwaka 1974 na 1975. Kwa mujibu wa kanuni za Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki, kasoko za huko hupewa majina ya wasanii na waandishi mashuhuri waliokwisha kufariki. Mwaka 1976, kasoko yenye kipenyo kinachozidi kilomita 100 ilipewa jina la Thomas Mofolo (1876–1948) wa Lesotho. Sayari hiyo hiyo ina kasoko za Homer na Shakespeare.

Ikumbukwe kwamba Mofolo aliandika kwa Kisotho. Muswada wa riwaya yake, *Chaka*, ulikaa kwa wamisionari wa Morija kwa zaidi ya mwongo mmoja kabla ya kuchapishwa mwaka 1925. Ni kweli kwamba tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1931 iliisambaza. Lakini kilichotafsiriwa kilikwisha kuumbwa kwa lugha ya mama.

Basi wanaodai kwamba kuandika kwa lugha za Kiafrika ni kujifungia kijijini wana swali la kujibu. Wahenga walinena: chanda chema huvikwa pete. Pete ya Mofolo ni ya mwamba, nayo haifutiki upesi.