Mpinzani wa bao na sataranji mtandaoni hupatikanaje?

Jioni barazani Zanzibar, mpinzani wa bao hatafutwi, hujileta mwenyewe. Aliyeshindwa huinuka, aliyekuwa akisubiri huketi mahali pake, na mchezo huendelea. Mtandaoni mambo ni tofauti. Mchezaji yuko peke yake mbele ya simu, na swali la kwanza ni kama kuna mtu upande wa pili.

Kwa sataranji, ambayo wengi huiita chesi, jibu ni jepesi. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, haitozi ada wala haionyeshi matangazo. Mchezaji huchagua muda, kwa mfano dakika 10 kwa kila upande, na kwa kawaida hupata mpinzani baada ya sekunde chache.

Kinachowakutanisha ni alama za uwezo. Msingi wake uliwekwa na Arpad Elo, profesa wa fizikia nchini Marekani aliyezaliwa Hungaria, na Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, likaukubali mwaka 1970. Anayemshinda mwenye alama nyingi kuliko zake hupanda sana. Anayemshinda aliye chini yake hupanda kidogo. Aliyemzidi mwenzake kwa alama 200 hutarajiwa kupata takriban pointi 3 katika kila michezo 4. Lichess hutumia mfumo wa Glicko-2, ambao humpa mgeni alama 1500 na kuzibadilisha upesi mpaka kiwango chake kijulikane. Kwa hiyo mgeni asivunjike moyo akishindwa mara kadhaa mwanzoni: mfumo ungali unamtafutia wa kufanana naye.

Bao halina bahati hiyo. Lina mashimo 32 na kete 64, idadi ile ile ya omweso wa Uganda na igisoro ya Rwanda, ijapokuwa kanuni zinatofautiana. Michezo hii ina mabingwa katika ukanda wetu, lakini Lichess hushughulika na sataranji na aina zake tu. Hata programu nzuri ya bao ikiwepo kwenye simu, watu 20 wakiingia kwa saa 20 tofauti, kila mmoja atakuta baraza tupu. Tatizo lao si uchache pekee, bali ni kutokuwa na miadi.

Dawa yake ni kupanga siku na saa maalumu kila wiki, kupitia kundi la simu la wachezaji wanaofahamiana. Walio katika nchi jirani wakumbuke tofauti ya saa: saa 2 usiku Bujumbura na Kigali ni saa 3 usiku Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Kosa dogo kama hilo hutosha kuwapotezea watu mchezo.

Kwa wenye kifurushi kidogo cha intaneti, sataranji ina njia nyingine, yaani mchezo wa polepole. Katika Lichess, wachezaji wanaweza kukubaliana kila hatua ipewe siku 1 hadi 14. Mtu hufungua simu, husogeza kete moja, kisha huendelea na kazi zake.

Tahadhari zipo pia. Baadhi ya watu husaidiwa kwa siri na kompyuta, na tovuti hufunga akaunti zao wakigunduliwa. Watoto nao wasimpe mpinzani wasiyemjua namba ya simu wala anwani ya nyumbani.

Hata hivyo, mtandao haujaondoa thamani ya mpinzani wa karibu. Phiona Mutesi wa Katwe, mjini Kampala, alijifunza sataranji kwa mwalimu Robert Katende, akicheza ana kwa ana na watoto wenzake. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Anayekosa mpinzani mtandaoni anaweza kuanza kwa kumfundisha jirani yake mmoja. Kesho huyo ndiye atakayemtafuta.