Picha Sitini, Mkono Thelathini

Mwaka juzi nilinunua runinga ya mtumba ya inchi 55 kwa ajili ya banda langu la gemu hapa Magomeni. Ilikuwa na picha laini ajabu. Mpira ukiteleza kwenye nyasi, hata wasiokuwa na zamu walisogea kutazama. Wiki haikuisha, malalamiko yakaanza. Kijana mmoja ambaye mwaka mzima hakuna aliyeweza kumwinua kwenye kiti akawa anafungwa na watoto wa darasa la sita. Akanirudishia padi: "Kaka, hii imekufa. Nabonyeza shuti, mchezaji anafikiria kwanza." Nikabadilisha padi, nikabadilisha waya, nikanunua padi nyingine mpya. Mambo yakawa yale yale.

Tatizo lilikuwa ndani ya ule ulaini tuliokuwa tukiusifia.

Gemu ni picha moja moja, yaani fremu, zinazofuatana upesi. Ya fremu 30 kwa sekunde hutoa picha mpya kila baada ya milisekunde 33 hivi. Ya 60, kila baada ya 17 hivi. Mashine yangu ilikuwa inatoa 60, na kioo cha runinga ile kinaweza kuonyesha 120. Kujaza pengo, runinga ilikuwa inachukua fremu mbili zilizofuatana, inakadiria kila kitu kimetoka wapi na kimefika wapi, kisha inachora ya tatu na kuipachika katikati. Ila huwezi kuchora ya katikati kabla hujaipata ya mwisho. Kwa hiyo fremu ya kweli, ile yenye jibu la kidole chako, imeshafika lakini inazuiwa mlangoni mpaka ya kukisia ipite kwanza. Ongeza muda wa kukisia kwenyewe: kwenye runinga nyingi ucheleweshaji wa hali hiyo ya kulainisha mwendo hupita milisekunde 100.

Nililithibitisha kwa simu. Nilirekodi kidole na kioo kwa pamoja, kwa video ya mwendo wa polepole, nikasogeza picha moja baada ya nyingine. Kidole kimeshazama kwenye kitufe, na mchezaji bado anakimbia kama hajaambiwa kitu. Humo humo nikaona jambo jingine: mpira unapopita mbele ya nyavu, kingo zake zinachanika na nyuzi za wavu zinapinda kuufuata. Runinga haijui mpira ni nini wala wavu ni nini. Inaona rangi zinahama, basi.

Gemu yenyewe inajua zaidi, ndiyo maana siku hizi kazi hii ya kuchora fremu za katikati inafanywa ndani ya mashine. Kampuni ya AMD ilitoa teknolojia ya FSR 3 ya kuongeza fremu mwaka 2023, na gemu ya Black Myth: Wukong ya mwaka 2024 ikaitumia kwenye PlayStation 5 kufikisha 60 kutoka 30. Wazo ni la zamani: mwaka 2010 Dmitry Andreev wa kampuni ya gemu ya LucasArts alionyesha kwenye mkutano wa SIGGRAPH jinsi ya kupata 60 kutoka 30 kwenye mashine za wakati ule, akitumia taarifa za mwendo na umbali ambazo gemu inazo tayari. Picha zinatoka safi kuliko za runinga. Lakini fremu ya kubuni haina gemu ndani yake. Hakuna kitufe kilichosomwa, hakuna adui aliyeamua lolote. Jicho linapewa 60, mkono unabaki na 30. AMD wenyewe wanashauri gemu iwe na 60 za kweli, au karibu na hapo, kabla ya kuongezewa. Naukubali ushauri huo kabisa: kutoka 60 kwenda 120 utafurahia, kutoka 30 kwenda 60 kidole kitalipa.

Ukikuta gemu inaringia fremu zake, uliza ngapi ni za kweli. Na kwenye runinga, ingia kwenye mipangilio ya picha, zima kila kinachoahidi kulainisha mwendo, au weka hali ya gemu. Mimi ilinichukua miezi miwili kufika hapo, na rimoti ilikuwa mezani muda wote.

Jioni ile ile niliyozima ulainishaji nilimwita yule kijana. Alibonyeza pasi tatu, akanitazama, akavuta kiti karibu. Nilimrudishia hela za mechi alizofungwa, zile nilizozikumbuka. Ilikuwa haki yake.