Mirathi Mbili za Familia ya Fossett

Anayetafuta nasaba ya Wamarekani Weusi hufika mwaka 1870 akagonga ukuta. Sensa za Marekani zilianza 1790, lakini hadi ile ya 1840 ziliandika jina la mkuu wa kaya tu. Waliobaki walihesabiwa kwa umri na jinsia. Mwaka 1850 kila mtu huru akaanza kuandikwa kwa jina lake. Mtumwa hakuandikwa. Majedwali ya watumwa ya 1850 na 1860 yana jina la mmiliki, na chini yake mistari ya umri, jinsia na rangi, basi. Wengi walioachiwa huru kutokana na vita vya wenyewe kwa wenyewe wanaonekana kwa majina katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870.

Ukitaka majina ya kabla ya hapo, fungua majalada ya mirathi ya waliowamiliki. Msimamizi wa mirathi alilazimika kuorodhesha mali ya marehemu na thamani yake, na watu walikuwa mali. Utawakuta katika ukurasa mmoja na ng'ombe, majembe na vitanda. Inauma kusoma. Lakini pengine huo ndio ukurasa pekee unaomtaja mama pamoja na wanawe.

Familia ninayopenda kuitumia kuonyesha kazi hii ni ya mhunzi Joseph Fossett. Alikuwa mtumwa wa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, huko Monticello, kaunti ya Albemarle, Virginia. Mkewe, Edith, alikuwa mpishi aliyefunzwa na Mfaransa katika jiko la Ikulu wakati wa urais wa Jefferson. Katika daftari la shamba la Jefferson wanaonekana kwa majina mafupi, bila ukoo, kwa hiyo mtafiti huwatambua kwa mwaka wa kuzaliwa na kwa majina ya watoto.

Jefferson alifariki tarehe 4 Julai 1826, akiacha madeni ya zaidi ya dola 100,000. Machi mwaka huohuo alikuwa ameongeza kipengele katika wosia wake, na kipengele hicho kinafaa kusomwa polepole. Kinawapa uhuru watu watano. Joseph angekuwa huru mwaka mmoja baada ya kifo cha bwana wake. Angepewa zana zote za karakana yake. Angejengewa nyumba ya magogo, na mahali pa kuijenga pangechaguliwa kwa kuzingatia anapoishi mkewe. Bunge la Virginia linaombwa liwaruhusu walioachiwa huru kubaki jimboni, zilipo familia zao. Yote hayo yameandikwa, na hakuna neno hata moja linalompa uhuru Edith wala watoto.

Januari 1827, kabla uhuru wa Joseph haujaanza, mjukuu wa Jefferson aliyekuwa msimamizi wa mirathi aliitisha mnada. Tangazo la gazetini lilitaja watumwa 130, pamoja na mifugo, mazao na samani. Watoto wa Fossett walitawanywa kwa wanunuzi mbalimbali. Peter, mwenye umri wa miaka 11, alichukuliwa na John R. Jones. Edith na watoto wawili wadogo walinunuliwa kwa dola 505 na mtu aitwaye Jesse Scott.

Wengi wakishapata jina la mnunuzi na bei hufunga jalada. Mimi nadhani hapo ndipo kazi inapoanza. Jesse Scott ni nani, na kwa nini amnunue mpishi na watoto wake wawili?

Jibu limo katika mirathi nyingine, ya miaka 27 nyuma. Mama yake Joseph, Mary Hemings, aliuzwa na Jefferson mwaka 1792 kwa mfanyabiashara Mzungu wa Charlottesville, Thomas Bell, pamoja na watoto wawili aliozaa na Bell. Joseph, aliyekuwa na miaka kama 12, alibakizwa Monticello. Bell alipofariki mwaka 1800 aliwaachia Mary na watoto hao wawili mali yake kwa wosia. Mmoja wao, Sally, aliolewa na Jesse Scott, mwanamuziki aliyekuwa mtu huru. Kumbe mnunuzi ni shemeji yake Joseph. Mirathi moja iliivunja familia, na jamaa waliofaidi mirathi nyingine wakasimama mnadani kuwaokoa waliowaweza.

Nyaraka zinazofuata zina mtego. Hata baada ya kununuliwa na ndugu, Edith hakuwa huru kisheria, na kila mtoto aliyemzaa alikuwa mtumwa hata kama baba yake ni huru, maana sheria ya Virginia ilimfuatisha mtoto hali ya mama. Kwenye karatasi Joseph akaja kuwa mmiliki wa mkewe na watoto wake. Asiyejua mnada wa 1827 atamwandika kuwa mwenye watumwa. Ukweli ni kwamba sheria ya 1806 ilimtaka aliyeachiwa huru aondoke Virginia ndani ya miezi 12, isipokuwa akipewa ruhusa, na Joseph bado alikuwa na watoto mikononi mwa watu wengine. Mwaka 1837 ndipo alipowaandikia hati ya uhuru Edith, baadhi ya watoto wao na wajukuu wanne. Baadaye wakahamia Ohio.

Kwa hiyo tarehe ya hati ya uhuru humwambia mtafiti wakati wa kuanza kuitafuta familia nje ya jimbo. Ohio nayo, tangu 1804, ilimtaka Mweusi anayehamia huko aonyeshe uthibitisho wa uhuru kwa karani wa mahakama ya kaunti. Virginia iliweka madaftari ya watu weusi huru, yenye urefu wao na alama za mwili. Sheria hizo zilitungwa kuwabana, na leo ndizo zinazotupa nyayo zao.

Peter hakuwa katika hati ya 1837. Anayemfuata baada ya mnada aachane na karatasi za Jefferson aende kwenye za Jones, ambaye Peter alisimulia kwamba alikataa kumuuza kwa baba yake. Alijaribu kutoroka, na mwaka 1850 akapandishwa tena mnadani, ndugu na marafiki wakamkomboa. Akawafuata wazazi wake Cincinnati, akafanya biashara ya kuandaa vyakula vya karamu, akawasaidia watumwa watoro, na akawa mchungaji wa kanisa la Wabaptisti. Simulizi yake ilitoka katika gazeti la New York World mwaka 1898, na humo mna ahadi na majina ambayo hakuna karani wa mirathi aliyewahi kuyaandika.