Mpaka wa Simu Hauko Mtoni

Pwani kwetu mtu akiaga safari haachwi aende hivi hivi. Atasomewa dua, atafungiwa visheti vya njiani, kisha kila aliyesimama mlangoni atamwambia neno lile lile: "Ukifika tujulishe." Zamani kujulisha huko kulikuwa barua ya wiki mbili, au telegramu ya posta ambayo kila neno lilikuwa na bei yake, hata watu wakaandika "Tumefika salama" na majina ya watoto wakayaacha. Siku hizi tumezoea kudhani kwamba jambo hili limekwisha kuwa rahisi. Simu iko mfukoni, WhatsApp iko ndani ya simu, basi nini tena? Mimi nilidhani hivyo mpaka nilipofika Malakisi.

Ilikuwa Agosti 2024, shule zimefungwa. Tulitoka Mombasa mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, kwenda kumzuru rafiki yangu wa zamani. Tulifanya kazi pamoja Kilindini kwa miaka mingi, na alipostaafu alirudi kwao Malakisi, Kaunti ya Bungoma, mji mdogo uliotajika kwa kiwanda cha kuchambulia pamba na mashamba ya tumbaku. Nia yetu ilikuwa kukaa kwake siku tatu, kisha tuvuke Lwakhakha tuingie Uganda, tuone maporomoko ya Sipi, na mwana wetu mkubwa akakitazame Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale tangu 1988, maana moyo wake umeelekea huko.

Njia hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Katika karne ya 19 misafara yetu ilipita Kwa Sundu, pale panapoitwa Mumias leo, ikiwinda pembe upande wa mlima Elgon. Mzungu Joseph Thomson alipofika Kwa Sundu mwaka 1883 alikuwa na wapagazi kutoka huku huku kwetu. Wake zao walikaa miezi bila kujua kama waume zao wazima au wafu. Sisi tulikuwa na simu nne kwa watu watano.

Usiku wa kwanza pale Malakisi, baada ya chakula, simu ya mke wangu ililia mlio wa ujumbe. Akausoma, akacheka, akanipa nami niusome. Ulikuwa unatukaribisha Uganda. Tumekaa barazani kwa mwenyeji wetu, ardhi ya Kenya, mpaka wenyewe hatujauona kwa macho, na simu yatupa mkono wa karibu katika nchi nyingine! Watoto walifurahi sana. Wakaendelea kutazama video zao, na mimi nikaenda kulala.

Asubuhi nilikuta shilingi 1,000 za salio nilizotia Bungoma mjini zimekwisha zote. Bando nililonunua Mombasa lilikuwepo bado, zima, halijaguswa.

KILICHOTOKEA

Mwenyeji wangu hakushangaa hata kidogo. "Ndugu yangu, umeliwa na mnara," akasema, kisha akanionyesha simu yake iliyokuwa na laini mbili, moja ya Kenya na moja ya Uganda. Watu wa huku wana jamaa ng'ambo ya mpaka. Wabukusu na Wamasaba ni ndugu, na mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara pande zote mbili, maana tohara yao hufanywa katika miaka ya shufwa. Mialiko ilikuwa ikivuka mto kutwa kucha. Mtu wa Malakisi asiyejua mambo ya laini mbili ni kama mvuvi asiyejua bamvua.

Jambo lenyewe ni hili. Simu hutafuta kwanza mtandao wa nyumbani, lakini ukiififia hushika mnara mwingine iuonao, haitazami bendera. Mnara wa mtindo wa GSM unaweza kufikia hadi kilomita 35 pasipo na kizuizi, na huku mteremko wa Elgon umeinuka upande wa pili kama jukwaa. Mawimbi yashuka tu, mto Lwakhakha hayaujui. Mnara wa nyumbani ukilegea mno, simu iliyoachwa ijichagulie hushika wa jirani. Na hapo bando la nyumbani huwa halina kazi, kwa sababu lilinunuliwa kwa minara ya nyumbani. Kila picha inayofunguka hulipiwa kwa bei ya ugenini kutoka katika salio la kawaida, bila ya wewe kuvuka hata mtaro.

Dawa yake ni ya dakika moja na haina gharama. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima ruhusa ya kutumia data ugenini. Kisha nenda penye orodha ya mitandao, ondoa ile alama ya kujichagulia yenyewe, uchague kwa mkono mtandao wa kwenu. Mwana wa mwenyeji wetu, kijana wa darasa la nane hivi, alizitengeneza simu zetu zote nne kabla chai haijapoa.

Ningalisimulia mkasa huu kuwa kichekesho kama ungaliishia hapo.

SIKU YA MBALE

Tulivuka Lwakhakha kwa vitambulisho vyetu, maana tangu 2014 Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Kwa kuwa nilikuwa nimechomwa shilingi 1,000, nilijifanya mjanja. Nikamwambia mke wangu tusinunue chochote siku ile, tukifika penye mtandao wa bure hotelini tutawasalimu watu wa nyumbani usiku. Simu nikazizima data zote. Tulishinda Mbale bila wasiwasi, tukatembea sokoni, tukasali Alasiri, mwana wetu akazungumza na wanafunzi wa chuo aliowakuta msikitini.

Saa mbili ya usiku simu ya mke wangu ilishika mtandao wa hoteli, ikalia mfululizo, jumbe juu ya jumbe. Mjomba wake, aliyemlea, alikuwa amefariki alfajiri ile Mombasa. Maziko yalikuwa baada ya sala ya Alasiri. Kulikuwa na sauti ya dada yake ikisema, "Mnajibu nini? Watu wanawauliza nyinyi." Kulikuwa na nyingine ya saa sita mchana, na nyingine ya saa nane. Ya mwisho ilikuwa fupi, imesema tu wamerudi kutoka makaburini.

Najua kwamba hata kama tungalipata habari alfajiri tusingalifika. Ni zaidi ya kilomita 800. Lakini sisi maiti hatumweki, na saa zile chache baina ya kufa na kuzikwa ndizo saa za jamaa kusikilizana: nani aoshe, nani ana deni, nani yuko safarini asamehewe. Mke wangu hakuwemo katika saa hizo. Hakuninung'unikia. Alikaa ukingoni mwa kitanda akazisikiliza sauti zile moja moja tangu ya kwanza, na alipomaliza akazirudia.

Asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza dukani.

HESABU YENYEWE

Nilichojifunza pale, na katika kuulizauliza baadaye, ni kwamba mtu huanza mahali pabaya. Huuliza gigabaiti moja ni bei gani. Aulize kwanza: nyumbani watanipataje, na kwa saa ngapi za siku?

Sauti haili sana. Mazungumzo ya WhatsApp kwa sauti hutumia yapata nusu megabaiti kwa dakika, kwa hiyo saa nzima ni kama megabaiti 30. Ukiweka picha ya kuonana uso kwa uso huwa megabaiti 5 au zaidi kwa dakika, yaani saa moja ni 300 na kitu. Jumbe za maandishi ni makombo. Basi msafiri wa wiki moja anayetaka kusikia sauti za watu wake na kupata tanzia ikitokea, bando dogo lamtosha kabisa, mradi azuie video kujipakua zenyewe, azuie picha zake kujihifadhi mbali, na azuie programu kujisasisha mpaka apate mtandao wa bure. Wanaomaliza gigabaiti kwa siku mbili si wao, ni simu zao zikifanya kazi usiku.

Baada ya hapo ndipo aangalie njia. Njia ya kwanza ni kubaki na laini yako na kununua bando la ugenini kutoka kampuni yako. Uzuri wake ni kwamba nambari haibadiliki. Linunue ungali nyumbani, na usome limeandikwa nchi gani na mtandao gani, kwa sababu bando la ugenini hukubali minara ya kampuni shirika tu.

Hapa pana kosa la wengi. Watu wamesikia kwamba Afrika Mashariki ni mtandao mmoja, na neno lina ukweli wake. Mwaka 2006 Celtel iliziunganisha Kenya, Uganda na Tanzania kwa wateja wake, na mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda, Rwanda na Sudani Kusini zilikubaliana kwamba kupokea simu ugenini kusilipiwe, na kupiga kusizidi senti 10 za Marekani kwa dakika. Lakini makubaliano hayo yalilenga hasa sauti ya simu ya kawaida. Anayedhani data nayo imo hujikuta kama nilivyojikuta mimi barazani Malakisi.

Njia ya pili ni laini ya huko. Kwa mtu atakayekaa siku nyingi, mara nyingi hii ndiyo rahisi. Chukua pasipoti hata kama kitambulisho chakuvusha mpaka, kwa kuwa mgeni husajiliwa laini kwa pasipoti. Inunue kwa wakala anayesajili mbele yako, usiuziwe iliyokwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine, maana siku ikifungwa hutakuwa na pa kulalamika. Laini yako ya nyumbani usiitoe. Iache katika nafasi ya pili, data yake imezimwa, ipokee jumbe za benki na za M-Pesa. Kwa kawaida kupokea ujumbe mfupi hakulipiwi. WhatsApp nayo hubaki na nambari yako ya zamani hata ukitumia data ya laini mpya, kwa hiyo ukiulizwa kama wataka kuibadilisha, kataa.

Ya tatu ni laini isiyo na kadi, inayonunuliwa kwa intaneti na kujipachika ndani ya simu. Yafaa sana kwa safari fupi na kwa nchi za mbali, ila si kila simu inaikubali. Piga *#06#, ukiona nambari ndefu iliyoandikwa EID, yako yaikubali. Laini hizi aghalabu ni za data tupu, hazina nambari ya kupigiwa.

Kila nchi nayo ina mambo yake, na bando haliyashindi. Uganda ilitoza kodi ya shilingi zao 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii tangu Julai 2018, ikaiondoa Julai 2021 na kuweka asilimia 12 juu ya bei ya data yenyewe. Facebook ilifungwa huko Januari 2021, na hata tulipokuwa Mbale ilikuwa haifunguki. Wanaokwenda Dubai wajue kwamba Imarati kwa miaka mingi imezuia mazungumzo ya sauti ya WhatsApp. Gigabaiti kumi hazitakufungulia mlango huo. Na wanaokwenda Umra wakumbuke kwamba Saudia husajili laini kwa pasipoti na alama za vidole, kwa hiyo mama mzee asimtume mtu amnunulie, aende mwenyewe.

Nisisahau la sala, maana lilitupata. Mwana wetu wa pili alikuwa amefunga Alhamisi ile, na programu ya nyakati za sala katika simu yake, ikiwa haina mtandao, ilikuwa ingali na saa za Mombasa. Ikaadhini Maghrib jua likiwa wazi bado. Jua la Malakisi na Mbale katika mwezi wa Agosti huchwa zaidi ya dakika 20 baada ya la Mombasa. Alikuwa ameshika tende mkononi. Mwenyeji wetu, ambaye si Mwislamu, ndiye aliyemwuliza, "Mbona mapema leo?"

Tulirudi kwa njia ile ile. Mke wangu ameiweka laini yake ya Uganda ndani ya kibweta pamoja na pete zake, na zile sauti za siku ya maziko hajazifuta. Tulipolala Malakisi usiku wa kurudi, simu yangu ililia tena ikinikaribisha Uganda. Nilikuwa nimesahau kuichagulia mtandao baada ya kuvuka. Nikaamka, nikatoka barazani, nikaitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe, kisha nikapiga nyumbani kuwaambia tumefika salama.